Picha Mia Tatu na Kumi na Sita

Mdogo wangu Noelene,

Barua hii ikukute umeketi vizuri, na ule mkono wa sindano umepumzika. Huku jangwani tuliobaki tunatembea bado, ijapokuwa goti langu la kushoto ndilo linaloamua siku hizi niende wapi. Baridi ya mwaka huu ni kali. Asubuhi ndoo ya mbwa ina ganda la barafu juu yake, na kuni za miti ya mulga tunazifuata mbali, hadi kule kwenye tangi bovu. Wiki iliyopita wanawake walikwenda kuchimba tjala, wakarudi na bakuli moja la wale sisimizi wa asali na malalamiko ya kujaza gari. Walisema ungekuwapo wewe ungetazama mchanga tu ukajua pa kuchimba. Wanakusalimu wote. Je, chakula cha hosteli ya wagonjwa huko mjini bado hakina chumvi? Na yule mama wa kitanda cha dirishani, ameacha kuimba?

Nakuandikia kwa lugha yetu, kama tulivyofundishwa misheni, kwa sababu simu hukukuta kwenye kile kiti cha mashine katikati ya watu wanane, na watu wanane wana masikio kumi na sita. Haya ni yako. Usimpe mtu akusomee.

Ujumbe wako aliuleta Clifton, dereva wa gari la zahanati. Hakuingia ndani. Alisimama getini, kofia mkononi, akanieleza polepole kwamba umemwambia daktari utaachana na mashine ya kusafisha damu mwisho wa mwezi huu, urudi ulale kwenye mchanga wako. Ndipo akasema la pili, kwamba umeona miaka sita ya kumficha marehemu, sura na jina, kama desturi yetu ilivyo, imetosha, na mtoto wetu sasa aonekane tena na jina lake litajwe.

"Anasema ameanza kuisahau sura, Mama," aliniambia. "Anataka aione kabla hajamfuata."

Nilimwambia akujibu kwamba picha zote utazikuta ukutani, kitandani pako. Nilisema hivyo bila kuwaza, kama mtu anayeahidi chai. Nilijua ziko kwenye kile chumba kidogo nyuma ya shule, tulipozifunga siku za msiba.

Sasa vumilia kidogo nikueleze chumba kile kinavyofanya kazi, maana bila hilo hutanielewa mbele. Picha zetu zimewekwa kwa namna mbili. Kuna orodha, na kuna picha zenyewe. Orodha ni kama daftari la mahudhurio nililokuwa nikiliita kila asubuhi darasani, na picha ni watoto. Daftari halina mtoto ndani yake. Lina jina lake na mahali anapokaa, basi. Mtoto akihamishwa dawati bila daftari kuambiwa, mwalimu ataita, na hapataitika mtu. Ndivyo kompyuta inavyofanya: inaita, haijibiwi, inakuonyesha kijisanduku cha kijivu chenye alama ya kuuliza.

Nilikwenda Jumatatu pamoja na Denzil, mtoto wa kaka yetu, ambaye ndiye ametunza chumba kile miaka yote. Tuliandika neno la siri, tukafungua sehemu ya waliofariki. Badala ya mtoto wetu tuliona kijivu na alama za kuuliza, safu baada ya safu, mpaka chini.

Denzil alicheka mwanzoni. Alisema diski haikuchomekwa, na kweli, waya ulikuwa umelegea. Tukachomeka, ikabaki kijivu. Akagundua kwamba kompyuta imeipa diski jina jingine, kwa hiyo inatafuta kwenye nyumba iliyohamwa. Tukairekebisha, na picha za mashindano ya mpira zikarudi zote, na za wazee, na za ule mwaka wa mafuriko. Zake hazikurudi. Denzil alipotoka kuvuta sigara, mimi nikafanya la kiualimu: daftari likivurugika, huandikwa jipya. Niliona mahali palipoandikwa kujenga orodha upya, nikabonyeza.

Siku iliyofuata tulimpigia Bronwyn, fundi wa huko mjini. Ni mtu mpole, ananiita Shangazi. Nilipomweleza nilichobonyeza, alinitaka nimsomee maandishi yale tena, neno kwa neno. Kisha akaeleza kwamba orodha ya zamani ilikuwa inahifadhi kivuli kidogo cha kila picha, cha ukubwa wa kucha, hata picha yenyewe ikipotea. Vivuli vile vingeweza kuokolewa. Orodha mpya haikuwa navyo.

"Shangazi," alisema, "kuanzia sasa usiguse kitu mpaka nikuambie."

Alituongoza tutafute si kwa jina bali kwa tarehe na ukubwa. Mchana wa pili tulipata folda moja yenye picha mia tatu na kumi na sita. Hesabu ilikuwa ileile ya mtoto wetu. Denzil alinishika bega. Nilifungua ya kwanza, na aliyenitazama alikuwa mjomba wetu mzee, yule wa ngamia, aliyetutoka miaka miwili baada yake. Ya pili, mjomba. Ya mia, mjomba amelala kwenye kivuli cha gari. Tulifungua moja moja, naye yuleyule, hadi ya mia tatu na kumi na mbili. Nne za mwisho zilikuwa za mtoto wetu. Tatu zilikuwa zimeharibika, zikakataa kufunguka kabisa. Moja ilifunguka juu tu.

Bronwyn alielewa kabla yetu. Alisema picha za watu wawili zilipewa majina yaleyale, kisha zikahamishiwa folda moja, na zilizokuja baadaye zikazikalia za kwanza. Si kwamba zimefichwa chini yake, alisema. Mahali pake pamechukuliwa. Akauliza kama kompyuta ya zamani ipo bado, Denzil akamwambia ilitupwa jalalani mwaka juzi. Ndipo akauliza, sauti ikisikika chumba kizima, ni nani aliyebadilisha majina.

Denzil alinitazama. Mimi nilitazama kibodi, nikasema chumba kile huingia watu wengi.

Jambo halikukaa chumbani. Dukani walimpokea Denzil kwa maneno. Mmoja alimuuliza kama mbwa wake wamekula picha baada ya kumaliza mikate. Mwingine akasema mtu asiyeweza kutunza betri ya gari lake alipewaje kutunza wafu wetu. Walicheka, lakini si kicheko chema. Jioni hiyo ufunguo wa chumba niliukuta umetundikwa kwenye mlango wangu. Hakurudi kazini tena.

Najua unachowaza, kwamba ziko kwingine. Noelene, kumbuka. Lile gari alilokuwamo lilipopinduka, simu yake tuliichoma pamoja na nguo zake. Picha za ukutani tulizitoa siku ileile, kabla hatujahama nyumba kwa ajili ya msiba. Simu za watu tulizipitia mimi na wewe, nyumba kwa nyumba, tukiwaomba wafute, nao wakafuta mbele yetu kwa heshima. Wiki hii nimerudi nyumba zilezile kuuliza kama kuna aliyetudanganya. Sikuwahi kuomba kwa moyo namna hii kwamba mtu awe alinidanganya. Hakuna. Watu wetu ni waaminifu.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu juu ya barua.

Ni mimi, mdogo wangu. Denzil alikuwa amezifunga picha vizuri, kama tulivyokubaliana, na hilo lingetosha. Lakini kila picha ilikuwa na jina lake chini, kwa mwandiko safi wa mashine, na namba. Niliingia siku moja kutafuta picha ya shule nikakutana na jina hilo kwenye skrini, moja chini ya jingine, kama mtu anayeliita na haachi. Sikuweza. Nilizichagua zote, nikalifuta, nikaandika Kunmanara, jina tunalompa kila asiyetajika. Mashine ikajiwekea namba. Nilitoka pale nikiona nimemsitiri. Mjomba alipofariki nikafanya vilevile, nikaandika Kunmanara vilevile, na sikuona ubaya, kwa sababu kwetu hakuna ubaya. Sisi tunajua yupi ni yupi. Mashine haijui.

Kisha tukaambiwa tukusanye waliofungwa wote kwenye diski moja kwa usalama. Nilihamisha zake, sikunakili, nilihamisha. Nikaleta za mjomba juu yake. Mashine iliniuliza swali. Nilikuwa nimesahau miwani nyumbani, na Denzil alikuwa mlango wa pili tu, ningeweza kumwita. Niliona neno ndiyo, nikalibonyeza, na ilipouliza tena nikabonyeza kwamba isiniulize kwa zote zilizobaki. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilikinywa palepale nikitazama.

Mtoto wetu aliniita mama tangu alipojua kusema, kama ilivyo haki ya mtoto wa mdogo wangu. Na mimi ndiye niliyemfuta, kwa mkono wangu, kwa heshima.

Jana nilikwenda kwa Denzil nikamwambia. Alikuwa anatengeneza uzio, hakuacha. Alisema alijua tangu siku ile ya simu. Nikamuuliza kwa nini basi alibeba lawama. Akasema, "Nilijua utakuja, Shangazi. Nilitaka uje mwenyewe." Hakunikaribisha ndani. Jumapili nitasimama mbele ya duka, wakiwa wote wamekuja, niseme kama ninavyokuandikia hapa. Halitarudisha picha hata moja, lakini litamwondolea yeye maneno.

Ile picha moja iliyofunguka juu tu Denzil aliichapa kabla hajaacha kazi. Imo humu, nyuma ya karatasi hii. Juu kuna mbingu na ukingo wa paa la duka, na kona kidogo ya kofia yake ya sufu ile nyekundu uliyomfumia. Kuanzia hapo kwenda chini ni kijivu. Usiitafute sura, haimo. Nimeitafuta mimi.

Mwisho wa mwezi tutakungoja uwanja wa ndege mimi na Clifton, na blanketi lako. Ukutani hapatakuwa na kitu. Ukitaka kunifukuza chumbani, nifukuze, nitakaa nje ya mlango. Ukiniruhusu, nitaketi karibu nikueleze ninavyomkumbuka, lile pengo la jino, lile kovu la nyusi alilopata alipoanguka kwenye trampolini, na wewe unirekebishe nikikosea, mpaka tuishiwe wote wawili.

Wasalimie wa hosteli. Kula, hata kama hakina chumvi.

Jambo moja uliloomba naweza kulitimiza bado. Umesema jina litajwe. Nililifuta mara mia tatu na kumi na sita, na tangu siku hiyo sijaliandika popote. Naliandika sasa, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Leonie.

Ni mimi dada yako,
Daphne