Kwa Sajenti Ngumbao, Aliyeacha Chai Ipoe

Mwaka umetimia, Baba, tangu presha ilipokuangusha kizingitini hapa Likoni, Machi ya 1991, ukipiga viatu rangi. Kimoja kilikuwa kinang'aa, cha pili bado.

Ulikuwa mtu wa gwaride hadi mezani. Miaka mingi uliongoza kikosi cha heshima, kile kinachopokea wakubwa na kuzika askari, na nyumbani ulitupanga kwa urefu kwenda kunawa mikono. Majirani walikutania kwamba wewe hata chafya yako husubiri amri. Lakini hukuinua mkono juu ya mtoto, na jirani akiugua ulimbeba mgongoni mwenyewe hadi kivukoni.

Glavu zako nyeupe alizifua Mama, Kanze wako. Alizitia buluu na wanga wa muhogo, akazianika ndani zisipate vumbi, na hakumwachia mtu kazi hiyo. Basi siku uliporudi nazo safi, zimekunjwa vingine, zinanukia karafuu, alijua pana mkono mwingine. Na karafuu, jamani, ni manukato ya mwanamke.

Hakuuliza. Mama yetu haulizi, huchunguza. Akaona huinui tena kikombe mbele yake. Akikumiminia chai, unasema iache ipoe. Akigeuka kwenda jikoni, akirudi anakuta kikombe kitupu. Na wewe ndiye uliyezoea kuinywa ya moto, ikitoka mvuke! Akajiambia: huyu anaimwaga, kishaonywa huko aendako kwamba nimemtilia limbwata. Dorcas wa nyumba ya pili akaongeza chumvi: amekuona Timbwani, unavua viatu mlangoni kwa mwanamke aitwaye Mwanasaumu.

Tangu hapo Mama aliziacha glavu zako. Sikukuu ya Jamhuri, gwaride lako la mwisho, alikwenda kukutazama kwa jicho la pembeni. Ulisimama na bunduki kifuani jua likiwaka, hukutikisika hata kidogo. Akawaza kwamba mtu anayeweza kusimama vile anaweza kuficha lolote.

Wenzako walikuzika kwa heshima zote, kwa hatua za polepole, mitutu ya bunduki ikitazama chini. Matangani akaja Mwanasaumu. Hakuna aliyemtandikia mkeka. Alikuwa mtu mzima kuliko Mama alivyodhani, mwenye vidole vinene vya mkandaji. Akafungua leso, na ndani mlikuwa na glavu zako.

"Dada Kanze," akasema, "mumeo alikuja kwangu kukandwa mkono. Ulikuwa ukimtetemeka. Alisema wakijua kambini watamtoa mstarini."

Mama hakusadiki. Alimwambia kwamba mkono wa Ngumbao haujapata kutetemeka, yeye mwenyewe aliuona Jamhuri. Mwanasaumu akamweleza kwamba mafuta ya karafuu yaliutuliza saa chache tu, na glavu zikilowa mafuta alizifua yeye, usije ukaulizwa. Kisha akauliza taratibu:

"Na hapa nyumbani, chai alikuwa akiinywaje?"

Mama alikaa chini palepale, mchangani, na kilio kilichomtoka siku ile hakikutoka hata ulipoingizwa kaburini.

Baba, mbona hukumwambia? Tunakuuliza kwa mapenzi, na kidogo kwa hasira. Uliogopa kwamba akijua Mama atajua Dorcas, na akijua Dorcas itajua Likoni nzima. Pengine ni kweli. Lakini mke aliyekufulia glavu miaka yote ile angekushikia na kikombe.

Siku hizi, kila asubuhi, anakumiminia chai kabla yetu. Humimina nusu tu, isimwagike.

Tunaokukumbuka kila uchao ni mkeo Kanze, wanao Kitsao na Nyamvula, ndugu yako Randu, na Mwanasaumu wa Timbwani, ambaye sasa ana mkeka wake kwetu.

Hutatoka mioyoni mwetu. Umesimama wima vya kutosha, Baba. Mguu pande.