Mshale wa Rangi ya Kucha

Shoga, acha unachofanya! Lenzi ni mwizi. LENZI, mkubwa wangu kazini, yule anayelala na lenzi ya kukagulia mawe shingoni. Si nilikwambia simwamini?

Asubuhi bondeni niliona jiwe lenye matabaka membamba, yamepandana kama kabichi iliyokatwa katikati. Mwani wa kale uliogeuka jiwe! Kabla ya kuling'oa nikachora mshale kuonyesha upande wa juu, ndiyo kawaida yetu. Kalamu ilikuwa imekauka, nikatumia rangi yangu ya kucha.

Lenzi akalitazama. "Tope tu hilo. Tupa."

TOPE TU. Na mimi bwege nikatupa!

Njiani kapakata begi lake kama mtoto mchanga, hataki hata dereva alishike. Machale yakanicheza.

Sasa hivi hapa ofisini kalitoa jiwe langu mbele ya mkuu wa idara. "Nimeliokota mwenyewe." Mwenyewe! Tena kaliweka kichwa chini miguu juu.

Mkuu akaligeuza. "Na huu mshale mwekundu?"

"Aa, hayo ni madini ya chuma."

Madini, shoga. Yanang'aa!

Mkuu kaliweka jiwe mezani. Ananitazama kucha.