Nyumba Uliyomjengea Baba

Kaka yangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, na picha ya paa ilikuwamo. Natumaini u mzima na kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Baba anakula, anagomba na watu kama kawaida yake, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Mimi bado niko mapokezi kwa daktari wa meno, ambako kila anayeingia ameshika shavu na kila anayetoka hana hamu ya kuagana. Shemeji yako anakusalimu. Jirani yetu mpiga pasi naye ameniagiza nisisahau salamu zake, na unavyomjua, nikizisahau atanuna mpaka nguo zetu zirudi na mikunjo.

Umeniuliza mambo mawili: Baba atafika lini, na kama samani zake zimeshafungwa tayari kusafirishwa. Nitakujibu yote, lakini niache nianzie mbali kidogo, maana leo mkono wangu mzito.

Mtaa wetu ukiuona hutaujua. Mwoka mikate amehamia kwa bintiye, kwenye yale maghorofa ya nje ya jiji, na duka lake sasa linauza simu. Fundi baiskeli tulimzika mwaka jana. Vibao vyenye lugha yetu vimebaki viwili, cha kinyozi na cha Baba. Wapangaji wapya ni vijana wapole wenye kompyuta za mkononi. Wanazipiga picha kuta zetu zilizobanduka, wanasema zina historia. Nilimwambia mmoja wao kwamba hazikupakwa rangi kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumpendezeshea mwenye nyumba ukuta ilhali mwakani anaondoka. Alicheka sana, akadhani namtania.

Wewe unajua sikuwa natania. Babu zetu waliletwa kutoka huko uliko sasa kuchimba mitaro ya maji machafu ya jiji hili, wakapewa mtaa huu kwa kuwa ulikuwa na unyevu na wenyeji hawakuutaka. Kazi ile ilikuwa ya muda tu. Ilipokwisha wakapata nyingine, na baada yake nyingine, na kila walipoagana mlangoni waliambiana, "Mwakani nyumbani." Baba alilikuta neno hilo akalitengenezea samani. Mtaa mzima ulinunua kwake vitanda na makabati ya kufunguka, bila gundi wala msumari, vigingi vya mbao tu, ili siku ya kuondoka mtu agonge, afunge kamba, ateremke ngazi. Unakumbuka kitanda cha arusi cha mwoka mikate kilivyowaangusha, yeye na bibi arusi, majirani wote wakasikia? Alikuja karakana kulalamika, na Baba akamjibu kwa uso mkavu kwamba kitanda hakina kosa lolote, kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoondoka, si wanaokaa.

Na katika mtaa mzima wa watu wa mwakani, aliyeondoka ni wewe peke yako. Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza shule. Baba alikwambia utangulie, ujenge, nasi tutafuata. Nakumbuka nilikuonea wivu kwa sababu ulinunuliwa viatu vipya.

Sijui kama uliwahi kuambiwa barua zako zilivyosomwa. Baba hakuzisomea nyumbani. Alizipeleka kwa kinyozi zikasomwa kwa sauti, na watu wenye povu mashavuni wakabishana madirisha yaelekee upande gani. Picha ya msingi ilibandikwa kwenye kioo, ikaja ya kuta ikabandikwa juu yake, na sasa ya paa imezifunika zote. Watu walinyolewa wakiitazama nyumba yako. Mpiga pasi alikuwa ameshachagua mahali pa kuanika. Hata mwoka mikate, siku ya kuhama, alipita pale kwanza akasimama mbele ya kioo, na gari la mizigo likimpigia honi nje.

Basi Jumamosi nilichukua nyundo ya mbao nikaenda kwa Baba kufungua samani, kama ulivyoagiza. Kabati lilifunguka vizuri. Meza pia. Nikahamia kwenye kitanda, nikagonga kigingi cha kwanza, kikagoma. Nikagonga cha upande wa pili kwa nguvu zaidi, nacho kikagoma vilevile. Baba alikuwa amekaa dirishani ananitazama. Mwishowe akaniambia niache, nisije nikapasua mbao bure, kitanda hicho amekitia gundi. Nikadhani uzee umeanza kumchezea. Nikamuuliza alikitia gundi lini, na ya nini. Akasema ni wiki ile tuliyomzika Mama.

Kaka, Baba haji huko. Alijua kwamba haji tangu wakati huo, wakati wewe hujamaliza hata msingi. Ameniambia hawezi kumwacha Mama katika ardhi hii, halafu yeye akalale peke yake mahali ambapo ndugu zake wote wamekwisha kufa. Nilimuuliza, tena kwa ukali, kwa nini basi alikuacha ujenge miaka yote hii. Akasema kwamba kila alipojikaza kukuandikia, barua yako nyingine ilifika, na kule kwa kinyozi watu wanaingojea. Wazee wale hawakuwa na nyumba nyingine ya kurudia ila hiyo yako. Angewaambia nini? Na wewe angekuambia nini, wewe ambaye umeshaacha kila kitu? Akaona bora apitishe siku moja, na nyingine. Alilia. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata siku ya mazishi hakulia.

Ameniomba nikuandikie mimi kwa sababu yeye ameshindwa. Anakuomba radhi. Naona radhi yenyewe ni ndogo mno kwa ujana wa mtu, na nilimwambia hivyo, kisha nikajuta kumwambia. Nina hasira naye na ninamhurumia, vyote kwa pamoja. Nililiunga tena kabati lake, nikampikia, nikarudi kwangu.

Nyumba hiyo ni yako, Kaka. Usiendelee kumtunzia mtu chumba cha mbele. Ukitaka kuishi humo, ishi kwa nafasi yako, na ukitaka kuiuza urudi, njoo, tutabanana hapa kwangu mpaka upate pako. Shemeji yako anakoroma, lakini hilo si la kumzuia mtu kurudi kwao. Unaona, nimeandika "kwao" na sijui hata nina maana ya wapi.

Pokea salamu za Baba. Amepita hapa akanitazama nikiandika, akaomba nikuambie tu kwamba paa ni zuri. Kinyozi naye anakusalimu. Hajaambiwa lolote, na mimi sina moyo wa kumwambia.

Liko jambo moja limeninyima usingizi. Uliwahi kuandika kwamba watu wa huko wanakuita "yule wa ng'ambo". Barua hiyo iliposomwa, wote tulicheka, mimi nikiwamo, kisha tukakuandikia kuuliza habari za saruji. Nimejaribu kukumbuka kama katika miaka yote hii kuna yeyote kati yetu aliyekuuliza habari zako mwenyewe, na simkumbuki. Nakuuliza leo, kwa kuchelewa sana: unapapenda huko? Una mtu wa kula naye jioni?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
binti wa seremala