Kasuku wa Flavia Asishikwe

Baba Flavia,

Nimetangulia hospitali. Uji uko jikoni, nimeufunika.

Kasuku usimguse. Asubuhi lori la kuhamisha watu liliponguruma alijibamiza kwenye waya mpaka bawa likatoka damu, nawe ukaingiza mkono kumkamata. Alipokuuma ukasema, "Ndege mkaidi huyu." Si ukaidi, mume wangu, ni hofu. Tangu watubomolee nyumba kule Litumbandyosi mbele ya macho yake, kila mkono kwake umekuja kubomoa. Mimi pia bado nashtuka.

Funika tundu upande mmoja kwa kanga yangu, apate pa kujificha. Kaa chini, asikuone umemwinamia. Ongea naye kwa sauti ya chini. Mwekee ulezi, kisha tazama pengine.

~~Akikataa kula, mfungulie aende zake.~~ Hapana, usimfungulie. Bawa halitambeba.

Najua unaniona nahangaikia ndege wakati mtoto yuko kitandani. Lakini jana daktari aliniambia nijiandae. Na Flavia, kila nikiingia wodini, ananiuliza neno moja tu: "Mama, kasuku amekula?"

Jana nilimwambia nitamletea jibu. Akila hata punje moja, acha kila kitu, uje uniambie.

Mama Flavia