Komando Ametaga

Jumatano usiku

Kumbe Komando ni jike. Mimi niliyewatambia vijana wote wa Mpepai kwamba kinyonga wangu ni dume la mbegu, leo nimemkuta ametaga ndani ya kiriba, kifuko cha udongo chenye mche wa kahawa.

Mama kacheka mpaka kakaa chini. "Hongera, babu. Ila kesho miche yote inakwenda shamba."

Nikamwomba aniachie hicho kimoja. Akakubali, ila mashimo yote ya kupandia miche nichimbe peke yangu. Nimechimba mpaka giza, viganja vimetoka malengelenge.

Sasa Komando kakonda, hali kitu. Nimemwekea panzi, anamtazama tu. Naogopa atakufa.

Jina simbadilishii. Ale tu huyo panzi, mayai nitayalinda mimi.