Dakika Nane za Mama

Kitale, Jumapili, Novemba 2009. Mvua tangu saa saba mchana.

Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitalia tena, na macho yameshavimba vya kutosha. Nje majirani wanakimbizana na maturubai, mahindi yao waliyoyaanika uani yanalowa. Siku nyingine ningetoka kuwasaidia. Leo nimefunga mlango nikajifanya sipo.

Nimempoteza Mama mara ya pili, na safari hii si ugonjwa. Ni mimi.

Agosti mwaka jana, Mama akiwa bado mzima, niliketi naye jikoni kwetu Mabanga, karibu na Bungoma mjini, nikamrekodi kwa kamera ya video aliyoniletea kaka yangu Wafula. Nilijaza kanda nzima, saa moja. Alikuwa akichambua maharagwe huku akisimulia jinsi Baba alivyokuja kumposa na baiskeli isiyo na breki, jinsi walivyomzika mtoto wao wa kwanza, na akaniimbia nyimbo alizofundishwa na nyanya yangu. Miezi mitatu baadaye tukamzika yeye.

Jumamosi ijayo ni kumbukumbu ya mwaka mmoja. Baba amekataa hotuba. Anasema atakayezungumza siku hiyo ni Mama mwenyewe. Ameshawaambia watu wa kanisa, ameshaomba televisheni kubwa kwa jirani, na mimi nimepewa kazi moja tu: kumtoa Mama kwenye kanda nimweke kwenye laptop. Baba hajawahi kuiona hiyo kanda. Tulipoicheza kwenye matanga alishindwa, akatoka nje.

Nilidhani ni kazi ya dakika mbili, kama kuhamisha nyimbo kutoka kwa flash. Wapi! Wiki nzima nimehangaika na waya wa USB uliokuja na kamera, laptop inanionyesha picha tatu za mbwa wetu na hakuna kingine. Jana nikaenda kwa Mama Kiran, yule mama wa Kihindi mwenye studio ya picha hapa mjini. Alinicheka kidogo, halafu akanionea huruma. Kumbe ule waya ni wa picha za kawaida tu. Video ya kanda inapita kwa waya mwingine, mwembamba, unaoingia kwenye tundu dogo lenye herufi DV. Akaniazima wake.

Akanifundisha kama mtoto wa nasari. Kamera uichomeke kwa umeme, usiamini betri. Uiweke upande wa kucheza, si wa kurekodi. Hakikisha laptop ina nafasi ya kutosha, maana saa moja ya kanda ni mlafi ajabu. Rudisha kanda mwanzo, fungua programu, bonyeza, kisha mikono yako iweke mbali. Kanda ya saa moja inachukua saa moja, hata ukiwa na haraka ya kwenda mbinguni. Nayaandika haya kwa sababu labda kuna mwingine anayeanza bila kujua kitu, kama mimi.

Kabla sijaondoka, aliigeuza kanda mkononi akanionyesha kidude cha plastiki mgongoni mwake, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hii hukufunga?" aliniuliza. "Ukisukuma hivi, hakuna mtu anaweza rekodi juu yake. Kila mtu anasahau hii."

Akakisukuma kwa ukucha. Nikamshukuru sana, nikarudi nyumbani nikijua Mama yuko salama.

Leo baada ya kanisa nikajipikia chai, nikaketi kama mtu anayesubiri mgeni. Nikabonyeza. Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa turubai la bluu. Kisha viti. Kisha jeneza.

Nikasema, ah, hii siyo. Kanda ya mazishi ilikuwa nyingine, nakumbuka kabisa, niliinunua hapa Kitale siku moja kabla ya kusafiri. Nikachungulia kanda iliyo ndani ya kamera. Imeandikwa MAMA, kwa mwandiko wangu. Nikaenda kabatini nikatoa mkoba mweusi ambao sijaubeba tangu siku ile. Kanda mpya imo, bado imefungwa kwenye nailoni yake.

Nikaketi sakafuni nayo mkononi.

Sasa nakumbuka yote. Jioni ya matanga mashangazi waliomba wamwone Mama akiongea. Nikaunganisha kamera na televisheni, nikaicheza. Wengine wakafika wamechelewa, wakaomba tena ianze mwanzo. Nikairudisha mwanzo. Shangazi mmoja akaanguka kwa kilio, tukazima, tukamshughulikia. Asubuhi nikaichukua kamera, kanda ya Mama ingali ndani, nikaenda kaburini na kubonyeza kitufe chekundu. Kamera haikuulizi. Haikwambii, dada, una hakika?

Nilimfuta mama yangu kwa mazishi yake mwenyewe.

Nikampigia Mama Kiran simu, sijui nilitaka aniambie nini. "Pole, mtoto yangu. Ya chini imeisha kabisa. Hata fundi wa Nairobi hawezi." Na kile kidude alichokisukuma jana kwa ukucha kimelinda jeneza. Majuto ni mjukuu. Wangu ameshazaliwa, amekaa hapa sebuleni ananitazama.

Sikuizima kanda. Mikono niliiweka mbali kama nilivyofundishwa, nikamzika Mama upya kwa dakika hamsini na mbili, udongo kwa udongo, huku mvua ikipiga mabati.

Halafu picha ikaruka. Na Mama akawa yuko pale.

Zimebaki dakika nane. Maharagwe yameisha na hadithi zimeisha. Hakuna baiskeli, hakuna wimbo wa nyanya. Mama anaosha sufuria. Anamfukuza kuku. Anagunaguna kuhusu goti. Mwishoni anainua uso ananiangalia, kwa ile sura yake ya kuchoka nami.

"Nekesa, si uzime hiyo kitu. Ita baba yako, chai inapoa."

Sikusogea, naona nilikuwa nacheka, kamera inatikisika. Kwa hivyo akaita mwenyewe, kwa sauti ya kufika shambani: "Baba Wafula! Kuja chai!" Na kutoka mbali, nyuma ya nyumba, sauti ya Baba ikajibu, "Nakuja!"

Kanda ikaisha.

Baba alikuwa amenipigia mara mbili wakati huo wote na sikupokea. Niliogopa. Baba yangu mzazi, mzee mpole asiyewahi kunichapa, nikaogopa simu yake. Mara ya tatu nikapokea.

"Umemwona?" Hakunisalimu hata.

"Nimemwona, Baba."

"Anasema nini?"

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli, Mungu anajua. Yakatoka haya: "Anakuita chai."

Akacheka, kicheko kile cha puani, mpaka akakohoa. Mwaka mzima sijamsikia Baba akicheka. Akaniambia hata yeye anamkumbuka hivyo, kwamba huyo mwanamke angeita chai mpaka Mlima Elgon usikie. Akaniambia nije mapema, televisheni imeshafika.

Sikusema uongo. Lakini nilichosema ni kipande tu.

Kesho asubuhi nitaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nibebe laptop niende Mabanga. Nitamketisha jikoni, si mbele ya watu wa kanisa, nimwambie nilichofanya kabla hajaona chochote. Kisha nitambonyezea zile dakika nane, aitwe na mkewe mara moja tena.

Kile kicheko nitakikata mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nitaanzia wapi?