Kidani cha Mbegu

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu nyingi kutoka hapa Al Warqa. Baba yako yuko kazini Oud Metha tangu asubuhi, mama yako amepona mafua, na joto bado halijapungua.

Umeniuliza mbona kwenye picha za Idi sikuvaa kidani cha mbegu ulichonitumia kutoka Australia. Nitakwambia kweli. Uliandika kuwa umekitunga mwenyewe, ukifundishwa na mama mmoja mzee wa wenyeji wa asili wa huko, anayetoboa kila mbegu kwa waya wa moto, na kwamba siku hizi unamwita bibi. Hapo moyo uliniuma.

Nilipokuwa msichana Unguja, jirani alinifundisha kutunga vikuba vya asumini, vile vishada vya maua vya kujipambia. Nikampelekea bibi yangu kimoja, huku nikimsifu jirani. Hakukivaa. Alikifumua palepale, akakitunga upya kwa mkono wake. Nikamwona mkorofi.

Leo ndipo ninapomwelewa, maana na mimi nimekifumua chako. Nilitaka kukitunga vizuri kuliko yule mama. Mbegu zimo sahanini mpaka sasa. Kila nikifunga, fundo linateleza na zote zinamwagika. Ana mkono mzuri, sikatai.

Nataka kukivaa Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja. Muulize fundo la mwisho analifungaje, unieleze taratibu. Ila usimwambie ni mimi ninayeuliza.

Ni mimi bibi yako, yule wa kwanza.